Triathloni Ndefu Humalizwa kwa Hesabu

Imekuwa desturi yetu, tunapomwona mwanamichezo amemaliza mashindano marefu ya kustahimili, kusema kwamba amemaliza kwa sababu ana moyo mkuu. Na tunapomwona mwingine ameanguka njiani, kusema kwamba moyo wake ulikuwa mdogo. Maneno hayo husikika redioni, husikika viwanjani, na husikika vinywani mwetu sisi walimu siku ya mbio za nyika. Yakiwa ni sifa tu, hayana ubaya. Lakini yakichukuliwa kuwa ni maelezo ya jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi, ni maelezo dhaifu, na udhaifu huo umewahi kugharimu maisha ya watu. Rai yangu ni kwamba kumaliza kwa mara ya kwanza ni jambo la hesabu kabla ya kuwa jambo la moyo, na hesabu yenyewe si ngumu: mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuifanya daftarini mwake.

Mfano nitakaoutumia ni triathloni ndefu. Triathloni ni mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, kimoja baada ya kingine, bila saa ya mwamuzi kusimamishwa hata mshindani anapobadili nguo. Katika ile ndefu, mtu huogelea kilomita 3.86, yaani zaidi ya mara 77 urefu wa bwawa la mita 50. Kisha huendesha baiskeli kilomita 180, umbali unaokaribia ule wa barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Na akishuka katika baiskeli hukimbia marathoni nzima, kilomita 42.2. Jumla ni kilomita 226, na kwa kawaida mshindani hupewa muda usiozidi saa 17. Mashindano ya namna hii hayapokei walio chini ya umri wa miaka 18, na ni vema iwe hivyo. Siwaiti wanafunzi wakashindane. Nawaita wakatazame, kwa kuwa katika safari ndefu kiasi hicho hakuna kosa la hesabu linaloweza kujificha.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Mashindano ya kwanza yaliyoitwa triathloni yalifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, nayo yalikuwa mafupi. Miongoni mwa walioshiriki walikuwapo afisa wa jeshi la majini John Collins na mkewe Judy, ambao baadaye walihamia kisiwa cha Oahu huko Hawaii. Mwaka 1977 watu wa michezo kisiwani humo walikuwa wakibishana: nani mwenye mwili imara zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji? Collins akaongeza kwamba hata mwendesha baiskeli apaswa kuhesabiwa, akamtaja Mbelgiji Eddy Merckx, aliyesifika kwa uwezo mkubwa mno wa kutumia oksijeni. Ili kumaliza ubishi, alipendekeza mashindano matatu yaliyokuwa yakifanyika kisiwani kwa nyakati mbalimbali yaunganishwe yawe ya siku moja. Umbali wa kilomita 226, basi, haukutokana na utafiti wowote wa kitaalamu. Ulitokana na ubishi, kisha barabara ya baiskeli ikapunguzwa kidogo ili iishie pale ambapo marathoni huanzia.

Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 waliingia majini, wote wakiwa ni wa mara ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya jambo hilo kabla yao. Waliomaliza ni 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Collins mwenyewe alitumia saa 17 na sekunde kadhaa. Na wa mwisho walihitaji zaidi ya saa 20. Hakukuwa na meza za maji njiani: kila mshindani alifuatwa na rafiki zake waliombebea chakula na vinywaji. John Dunbar, aliyeshika nafasi ya pili, alikuwa akiongoza marathoni ilipoanza. Husimuliwa kwamba rafiki zake waliishiwa maji wakampa bia, na Haller akampita. Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi naona ndani yake somo la kwanza la mchezo huu: mtu aliyekuwa na miguu ya kushinda alishindwa na ghala lake.

Na tulitazame ghala hilo. Mwili huhifadhi nishati ya haraka katika umbo la glikojeni, ambayo ni sukari iliyofungwa pamoja. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70, aliyekula vizuri, huwa na takriban gramu 400 za glikojeni katika misuli na gramu 100 katika ini. Kila gramu hutoa kilokalori 4. Zidisha: ni kilokalori 2,000. Sasa tazama matumizi. Washindani wa triathloni ndefu huko New Zealand walipopimwa, wanaume walionekana kutumia takriban kilokalori 10,000 kwa siku hiyo moja na wanawake takriban 8,500. Chakula na vinywaji walivyokula njiani viliwapa wanaume karibu kilokalori 3,900 na wanawake karibu 3,100. Ukijumlisha glikojeni yote na chakula chote, bado kuna pengo la maelfu ya kilokalori.

Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwili. Hata mtu mwembamba mwenye kilo 7 za mafuta amebeba kilokalori zaidi ya 50,000, zinazotosha kumfikisha mwisho wa safari mara tano. Kwa nini basi watu huishiwa nguvu? Jibu limo katika mwendo wa kutoa, halimo katika wingi wa akiba. Mafuta ni ghala kubwa lenye mlango mwembamba. Glikojeni ni ghala dogo lenye mlango mpana. Mtu akienda polepole, mlango mwembamba humtosha kwa sehemu kubwa. Akiongeza kasi, misuli hudai nishati kwa haraka kuliko mafuta yanavyoweza kuitoa, na mlango mpana hufunguliwa. Ghala dogo likianza kuchotwa kwa pupa, haliwezi kudumu saa 12.

Mazoezi ya miezi mingi huupanua ule mlango mwembamba. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1967, pale mtafiti John Holloszy wa Marekani alipowazoeza panya kukimbia kwa muda mrefu kila siku, kisha akapima misuli yao. Aliona kwamba uwezo wa mitokondria, yaani zile tanuri ndogo zilizomo ndani ya seli, ulikuwa umekaribia kuwa maradufu. Misuli ya mwanadamu nayo hujibu mazoezi kwa namna iyo hiyo. Ndiyo maana anayejiandaa kwa mara ya kwanza huambiwa atumie saa nyingi katika mwendo wa taratibu, ule unaomruhusu kuzungumza bila kutweta, ingawa vijana wengi huudharau mwendo huo wakidhani ni uvivu.

Chakula cha njiani nacho kina mlango wake. Ukuta wa utumbo mwembamba hupitisha glukosi kwa kiasi cha gramu 60 hivi kwa saa, kwa sababu vipitishio vyake vina idadi maalumu. Sukari ya matunda, fruktosi, hutumia vipitishio vingine. Kwa hiyo mchanganyiko wa sukari hizi mbili huweza kufikisha gramu 90 kwa saa kwa mtu aliyezoea. Katika saa sita za baiskeli, hizo ni kilokalori 1,440 au, kwa mchanganyiko, 2,160. Anayebugia zaidi ya hapo hapati nishati zaidi. Hupata tumbo lililojaa na kichefuchefu. Tena, misuli na ngozi zinapodai damu nyingi, utumbo hunyimwa damu, nao hukataa hata kile kidogo. Mwenye kasi kupita kiasi hupoteza mara mbili: huchoma zaidi na hula kidogo zaidi.

Tufike katika baiskeli, kwa maana hapo ndipo wageni wengi hujiharibia. Barabara ya tambarare huwadanganya. Mtu ametoka majini akiwa mzima, miguu ina nguvu, watu wanashangilia, na mbele yake wapo wa kuwapita. Lakini anayeendesha baiskeli hupambana na hewa, na fizikia ya hewa haina huruma. Kani ya ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendokasi, na nguvu inayohitajika kuishinda huongezeka kwa mchemraba wake. Mwanafunzi na ajaribu: mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa akitaka kwenda 33, ameongeza mwendokasi kwa asilimia 10, je, nguvu imeongezeka kwa kiasi gani? Mchemraba wa 1.1 ni 1.331. Kwa upande wa hewa, ameongeza nguvu kwa asilimia 33. Atamaliza kilomita 180 kwa saa 5 na dakika 27 badala ya saa 6, kwa hiyo ameokoa dakika 33. Lakini kazi yote aliyoifanya dhidi ya hewa imezidi kwa asilimia 21, na sehemu kubwa ya ziada hiyo imetoka katika ghala dogo.

Deni hilo hulipwa katika marathoni. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, na gharama hiyo haibadiliki sana mtu akikimbia upesi au polepole. Kwa mtu wetu wa kilo 70, marathoni itamdai karibu kilokalori 2,950. Tuseme alikusudia kukimbia kilomita 9 kwa saa. Ghala limekwisha, naye amelazimika kutembea kilomita 20 za mwisho kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Angekimbia, angetumia saa 2 na dakika 13. Kwa kutembea, anatumia saa 4. Amepoteza saa 1 na dakika 47 ili kuokoa dakika 33. Sijui duka lolote lenye kukopesha kwa riba mbaya kuliko hiyo. Wahenga waliosema mwenda pole hajikwai hawakuwa na kipimo cha ukinzani wa hewa, lakini hawakukosea.

Kisa kinachotajwa zaidi kuliko vyote katika mchezo huu ni kile cha Februari 1982, mashindano yalipokuwa yamehamia Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii. Julie Moss, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akishiriki kwa mara ya kwanza, na alikuja kwa ajili ya utafiti wa masomo yake ya fiziolojia ya mazoezi. Hakuna aliyemtazamia kushinda, lakini katika marathoni aliwaongoza wanawake wote. Karibu na mwisho miguu ilianza kumsaliti. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Na mita chache kabla ya mstari, Kathleen McCartney akampita bila hata kutambua kwamba sasa ndiye wa kwanza. Moss alitambaa kwa mikono na magoti akamaliza sekunde 29 baadaye. Televisheni ya Marekani iliyaonyesha hayo yote, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu walijiandikisha katika mchezo huo kwa sababu ya picha hizo.

Simnyimi Moss heshima yake. Lakini nina ugomvi na namna kisa hicho kinavyofundishwa. Kimegeuzwa kuwa ushahidi kwamba roho huushinda mwili, ilhali kinachoonekana katika picha ni dalili zinazojulikana: magoti yasiyobeba uzito, mwendo wa kuyumba, viungo visivyotii. Hivyo ndivyo anavyokuwa mtu ambaye misuli yake imekwisha glikojeni na ambaye sukari ya damu imeshuka, kwa kuwa ubongo nao hutegemea glukosi, na zile gramu 100 za ini ndizo zinazoulisha. Hakutambaa kwa kukosa moyo, na wala McCartney hakumpita kwa kuwa na moyo mkubwa zaidi. Mwalimu anayeonyesha picha hizo darasani na aulize swali hili: katika saa kumi zilizotangulia, ni wapi ambapo mambo yangeweza kwenda vingine?

Mtu aweza kunijibu kwamba akili nayo ina sehemu yake katika uchovu, naye atakuwa amesema kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli kinywaji cha wanga wakisukutue kinywani na kukitema bila kumeza hata tone. Katika jaribio lililolingana na mwendo wa kilomita 40 walikwenda vizuri zaidi kwa takriban asilimia 3 kuliko waliposukutua maji matupu. Hakuna nishati iliyoingia mwilini. Kinywa kiliupelekea ubongo habari tu kwamba chakula kinakuja, na ubongo ukalegeza kamba. Kwa hiyo uchovu si tangi tupu peke yake. Ni uamuzi pia, unaofanywa na ubongo kwa kutazama tangi. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kupuuza tangi. Ubongo unaohadhari kabla ya ghala kwisha unatimiza wajibu wake, na kumfundisha kijana kuudharau kila wakati ni kumfundisha kung'oa king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele.

Sasa nifikie maji, kwani hapa ndipo fikra ya moyo mkuu, na hata elimu yetu wenyewe, ilipowaua watu. Kwa miaka mingi wakimbiaji waliambiwa kwamba kunywa maji mbioni ni udhaifu, na kanuni za marathoni za wakati ule hazikuwaruhusu kupewa kinywaji katika kilomita za mwanzo. Baadaye ushauri uligeuka kabisa. Mwaka 1996 Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo kilishauri mwanamichezo arudishe maji yote yaliyotoka kwa jasho, au anywe kiasi kikubwa kabisa awezacho kustahimili. Kiu, ilisemekana, ni kipimo kisichoaminika. Shujaa hunywa kabla ya kiu. Wengi wetu tuliyarudia maneno hayo mbele ya wanafunzi.

Ilhali onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1985 daktari wa Afrika Kusini, Timothy Noakes, pamoja na wenzake, walieleza habari za wanamichezo wanne waliougua vibaya katika mashindano ya zaidi ya saa saba. Hawakuwa wamekaukiwa. Walikuwa wamekunywa kupita kiasi. Figo zina kikomo cha maji zinayoweza kutoa kwa saa, na wakati wa kazi ndefu mwili hutoa homoni inayozizuia figo zisitoe maji. Mtu akiendelea kunywa, damu huzidi kuwa nyepesi na kiwango cha sodiamu hushuka chini ya milimoli 135 kwa lita. Kwa kanuni ya osmosi, ile ile tunayoifundisha kwa kipande cha kiazi katika maji ya chumvi, maji huingia katika seli. Seli za misuli zina nafasi ya kuvimba. Seli za ubongo zimefungiwa ndani ya fuvu. Mgonjwa huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa, hupata degedege, na aweza kufa. Na jambo la kutisha zaidi ni kwamba dalili za mwanzo hufanana na zile za kukaukiwa, hata mwenye nia njema humpa maji mengine.

Mwaka 1997, katika triathloni ndefu ya New Zealand, damu ya washindani 330 waliomaliza ilipimwa. Waliokuwa na sodiamu pungufu walikuwa 58, karibu mmoja katika kila sita. Mwaka uliofuata waandaaji walifanya jambo ambalo mtu wa kawaida angeliona la ukatili: walipunguza meza za vinywaji, zikawa kila baada ya kilomita 20 za baiskeli na kila baada ya kilomita 2.5 za kukimbia, na wakawaelimisha washindani. Mwaka 1997 waliohitaji tiba kwa ugonjwa huo walikuwa 25 kati ya washindani 660. Mwaka 1998 walikuwa 4 kati ya 651. Ni nadra katika tiba kuona nafuu kubwa kiasi hicho ikipatikana kwa kuondoa meza.

Tena, huyo anayeugua ni nani? Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, ambamo mwanamke mmoja alifariki kwa sababu hii hii, watafiti walichukua damu ya wakimbiaji 488. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, na walioonekana kuwa katika hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito mbioni na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Bingwa hana nafasi ya kunywa sana. Anakimbia upesi mno. Mgeni mtiifu, anayekwenda polepole, anayesimama katika kila meza na kunywa kwa sababu ameagizwa anywe, ndiye aliye hatarini. Utiifu wake ndio uliomponza. Ushauri wa 1996 ulirekebishwa mwaka 2007, na leo wataalamu wengi husema mtu na anywe anapoona kiu. Mtu mwenye afya hufika mwisho akiwa amepungua uzito kidogo, kwa kuwa amechoma mafuta na glikojeni, na maji yaliyokuwa yameshikwa na glikojeni yameachiliwa.

Haya yasichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kuwanyima wanafunzi maji. Katika joto letu la pwani hatari ya kuzidiwa na joto ni ya kweli. Misuli hugeuza chini ya robo ya nishati yake kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto, nalo huondoka zaidi kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huchukua karibu kilokalori 580. Jasho linalodondoka chini halichukui chochote, na hewa yenye unyevu mwingi hulifanya lidondoke. Siku kama hiyo maji hayatoshi kumwokoa mkimbiaji. Kinachomwokoa ni kupunguza mwendo, au mwalimu kubadili saa ya mbio. Kuwakimbiza vijana saa saba mchana, wengine wakiwa hawajala tangu jana yake, kisha kuwaambia wakaze moyo, ni jambo nililoliona zaidi ya mara moja, na siwezi kuliita mafunzo.

Jambo jingine ambalo kila msimamizi wa michezo apaswa kulijua ni tofauti kati ya aangukaye baada ya mstari na aangukaye kabla yake. Wengi huanguka baada ya kumaliza. Wakati wa kukimbia, misuli ya miguu husaidia kuisukuma damu irudi moyoni. Mtu akisimama ghafla, pampu hiyo husimama, damu hutuama miguuni, na ubongo hukosa damu kwa muda. Alazwe chali, miguu ikiinuliwa, na mara nyingi hurejea baada ya dakika chache. Aangukaye kabla ya mstari ni habari nyingine. Huyo yamkini amezidiwa na joto, au sukari imeshuka, au sodiamu imeshuka, au moyo una hitilafu. Huyo anahitaji daktari, wala si makofi.

Nimeacha kuogelea hadi sasa, ingawa ndiko kunakoanza, na ingawa huchukua takriban sehemu moja ya kumi tu ya siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya habari za triathloni za Marekani, ndefu na fupi, tangu 1985 hadi 2016, ambamo watu zaidi ya milioni 9 walishiriki. Vifo na matukio ya moyo kusimama vilikuwa 135, na kati ya hivyo 90 vilitokea wakati wa kuogelea. Wengi walikuwa wanaume wa makamo, na baadhi walikuwa na ugonjwa wa moyo usiojulikana. Uchovu hauwezi kulaumiwa, kwani siku ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Maji ya baridi, msongamano wa mikono na miguu, na pumzi inayobanwa na woga huweza kuupa moyo mzigo wa ghafla. Kanuni za mchezo, kwa busara, humruhusu mshindani kushika mtumbwi wa waokoaji na kupumzika mradi asivutwe kwenda mbele. Ni wachache wanaoitumia ruhusa hiyo, maana wameambiwa tangu utotoni kwamba kupumzika ni kushindwa.

Na kwetu? Tuna bahari, tuna Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, na tuna wanafunzi wengi wanaomaliza kidato cha nne bila kuweza kuelea kwa dakika moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani. Mimi ningefurahi zaidi kuona shule moja ya kando ya ziwa ikiwafundisha wanafunzi wake wote kuelea chali na kupumua kwa utulivu kuliko kuona Mtanzania mmoja akipokea nishani huko Kona. Ujuzi ni ule ule: kujua kwamba mapafu yaliyojaa hewa hulibeba pigo la mwili kwa kanuni ya Archimedes, na kwamba anayetapatapa hutumia oksijeni yake kwa kujizamisha.

Kwa mwalimu atakaye kuanza, jaribio lifuatalo halihitaji maabara. Wanafunzi wachache wapimwe uzito kabla ya saa moja ya kandanda, wakiwa wamevaa nguo chache na wamevua viatu. Kila mmoja apewe chupa yake iliyopimwa, anywe kwa kiu, na asiende msalani kabla ya kupimwa tena. Baada ya mchezo wajifute jasho vizuri, wapimwe kwa mizani ile ile, na maji waliyokunywa yajumlishwe na uzito uliopungua. Gramu moja ihesabiwe kuwa mililita moja. Matokeo ni jasho la saa moja, na katika darasa moja yatatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Jaribio lirudiwe siku ya mawingu na siku ya jua kali, na namba ziandikwe ubaoni kando ya majina, ili kila mmoja aone kwa nini kiasi cha maji kinachomfaa jirani yake hakimfai yeye.